JupyterChart ya Altair: unagusa chati, Python inajua umegusa nini

Wakuu, kuna kitu watu wengi wa data naona wanakipita tu, maana ukiwaambia chati ya kuchezea wanawaza ile ya kupitisha mausi juu ya nukta unaona jina na namba, unavuta, unakuza, basi. Hiyo siku hizi ipo kila mahali, haina jipya. Ninayotaka kuiongelea mimi ni ile ambayo ukishika kipande cha chati ndani ya notibuku yako ya Jupyter (ule ukurasa wa kuandikia code na kuona majibu hapo hapo), zile nukta ulizoshika zinarudi kwenye Python kama mistari ya jedwali, unazihesabu, unazisafisha, unazitupa, unazipeleka Excel, vyovyote utakavyo. Yaani chati inakuwa sehemu ya kazi yenyewe badala ya kuwa picha ya kumalizia ripoti.

Mimi hiyo kazi naifanya zaidi na JupyterChart, iliyomo ndani ya Altair tangu toleo la 5.1 la mwaka 2023. Kwa ambao hawaijui, Altair ni maktaba ya Python ya kuchora chati, waanzilishi wake ni Jake VanderPlas na Brian Granger, na chini yake kuna Vega-Lite, ile lugha ya chati iliyotoka Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani. Ni ya bure na leseni yake ni BSD, kwa hiyo hata ofisini hakuna wa kukusumbua na ankara.

Sasa kabla sijaenda mbali, chati ya kawaida ya Altair tayari unaweza kuchora boksi juu yake ukabadilisha rangi za nukta, kuunganisha chati mbili hadi ukigusa hii na ile inachujika, na yote hayo yanatokea ndani ya brauza, Python haina habari kabisa. Unachora boksi zuri limezunguka zile nukta za ajabu pale pembeni, halafu unabaki unaziangalia tu, ukizitaka inabidi usome namba kwenye mhimili kwa macho uandike kichujio kwa mkono. Hapo ndipo JupyterChart inapoingia, unaichukua ile ile chati yako unaifunga, `jchart = alt.JupyterChart(chati)`, na kuanzia hapo kila unachokigusa kinatumwa kwenye keneli, yaani ile Python inayoendesha notibuku yako. Chati hubadilishi kitu, ni kuifunga tu, hilo ndilo lililonifurahisha mapema kabisa.

Nilivyoijaribu ni hivi. Nikachukua data za bei za vyakula za WFP (Shirika la Chakula Duniani), zile wanazoziweka bure kabisa kwenye HDX, tovuti ya data za misaada ya kibinadamu, na nikachagua za Kenya (watani mnisamehe, za kwenu zilinifaa zaidi kwa mfano huu). Ndani kuna tarehe, soko, bidhaa, kipimo, aina ya bei kama ni jumla au rejareja, na bei yenyewe. Nikachuja mahindi, nikaweka tarehe chini na bei pembeni, chati ikatoka na mikanda miwili, mmoja umelala kule chini karibu na sifuri na mwingine umetawanyika juu kabisa. Mtu mgeni angesema mahindi yamepanda bei kufa mtu au data zimeharibika. Nikaweka `alt.selection_interval(name="eneo", encodings=["y"])`, maana yake nachagua kwa kimo tu, kuanzia bei fulani hadi bei fulani, nikashika ule mkanda wa juu, na jedwali nililoliweka chini yake likabadilika papo hapo. Karibu wote kipimo chao ni 90 KG, yaani bei ya gunia kwa jumla, na wa chini ni KG moja ya rejareja. Kilo ni makumi ya shilingi za Kenya na gunia ni maelfu, sasa ukivichora pamoja unategemea nini.

Najua kuna atakayesema hilo ungeliona kwa `groupby` ya mstari mmoja, yaani kupanga jedwali kwa makundi. Kweli kabisa, kama unajua cha kuuliza. Ila ukiwa umepewa faili la mtu mwingine hujui kolamu ipi ina mambo, jicho ndilo linaloanza kushtuka na mkono unafuata, na hapo ndipo unapotaka ulichoshika kisiishie kwenye skrini. Zikabaki nukta chache zinazoelea katikati ya mikanda miwili, hizo ndizo nilizozitaka hasa, nikazishika zenyewe na kuanza kuangalia soko na tarehe, moja moja.

Jinsi inavyofanya kazi kwa ndani ni rahisi kuliko inavyosikika. Ile chaguo lako ulilolipa jina, langu `eneo`, linapatikana kwenye `jchart.selections.eneo`, na ndani yake kuna `value`. Kama ni chaguo la boksi, `value` inakupa mipaka, yaani jina la kolamu na namba mbili, ya chini na ya juu. Haikupi mistari! Mistari unachuja mwenyewe kwa hiyo mipaka, kwa pandas (maktaba ya majedwali ya Python) ni `between` basi umemaliza. Kama ni chaguo la nukta moja moja, `selection_point`, na hukutaja kolamu yoyote, inakupa namba za mistari unazipeleka moja kwa moja kwenye `iloc`, hiyo tamu sana, ila angalia, kama chati yako ina mabadiliko ndani yake, umechuja au umejumlisha humo humo kwenye Altair, namba za mistari zinaweza zisilingane na jedwali lako la mwanzo. Mimi usafishaji wote naufanya pandas kwanza ndio nachora, inanipunguzia mawazo.

Halafu unaandika fanksheni yako, unaisajili kwa `jchart.selections.observe(fanksheni, ["eneo"])`, na kila chaguo likibadilika fanksheni inaitwa. Jina ni lazima ulitoe mwenyewe, usipotoa Altair inajitungia la kwake la `param` na namba, na utakuwa unalitafuta.

Kitu ambacho kila anayeanza kinamkuta: fanksheni inaweza kuitwa bila chochote. Ukibofya sehemu tupu ya chati chaguo linafutika, na kufutika nako ni tukio, kwa hiyo fanksheni yako inapokea kitu kitupu na kama umeandika moja kwa moja `value["price"]` inaanguka. Na ikianguka huoni kosa lolote chini ya seli! Hii ndiyo sehemu inayowafanya watu waseme wijeti hazifanyi kazi. Kwenye JupyterLab, `print` na makosa yanayotoka ndani ya fanksheni kama hizi huwa yanakwenda kwenye log, ile ya kufungua pembeni, hayaji chini ya seli unayoiangalia. Dawa yake ni `Output` ya ipywidgets (maktaba ya wijeti, yaani vitufe, slaida na visanduku vya ndani ya notibuku), unaifunga fanksheni yako humo na kila kinachochapishwa kinatokea hapo ulipoiweka. Mimi siku hizi naanza na hiyo `Output` kabla hata sijaandika fanksheni yenyewe.

La pili linalochanganya watu ni hili la keneli. Keneli inafanya jambo moja kwa wakati. Ukiwa na seli inayozunguka, mafunzo ya modeli au kitu chochote kirefu, unaweza ukachora maboksi mpaka uchoke, jedwali halibadiliki hadi ile seli imalize, ndipo ujumbe wote uliojipanga unamiminika. Na wale wanaoandika `while` ya kusubiri mtumiaji achague kitu kwanza ndio code iendelee, poleni, hiyo haitatokea kamwe, maana seli inamsubiri ujumbe na ujumbe unaisubiri seli. Unachotakiwa kufanya ni kuweka kazi yote ya baadaye ndani ya fanksheni, au kuacha seli iishe, uchague, halafu seli inayofuata isome `jchart.selections.eneo.value`. Hii njia ya pili watu wanaidharau ila kwa kazi ya peke yako inatosha kabisa na haihitaji `observe` yoyote.

Uzuri ni kwamba boksi lenyewe halikwami. Kwa sababu uchoraji uko kwenye brauza, unavuta vizuri tu hata kama Python iko bize au iko mbali, kinachochelewa ni jibu. Na hapa kuna mipangilio miwili wengi hawajui ipo. `debounce_wait` ni muda wa kusubiri kabla ya kutuma, kwa milisekunde, na yenyewe inakuja ikiwa 10. `max_wait` inakuja ikiwa kweli, maana yake hata ukiwa bado unavuta inaendelea kutuma kila baada ya huo muda. Kwa kompyuta yako mwenyewe na jedwali dogo hiyo ni raha, namba zinacheza huku unavuta. Kwa keneli iliyopo seva ya mbali na wewe uko kwenye bando la simu, au fanksheni yako inachukua sekunde nzima kumaliza, unajitengenezea foleni. Weka `max_wait=False` ili itume ukishatulia, na `debounce_wait` iwe kama 200 hivi, tofauti utaiona mwenyewe.

Kwenye suala la intaneti, kikawaida JupyterChart inavuta javascript zake kutoka mtandaoni, kwa hiyo siku mtandao umelala unaweza kuona nafasi tupu pale chati ilipotakiwa kuwa. Kuna `alt.JupyterChart.enable_offline()`, inahitaji uwe umeshasakinisha `vl-convert-python`, na baada ya hapo unafanya kazi bila mtandao kabisa. Kwa tunaofanya kazi mikoani hii peke yake naipa nyota. Fanya siku ile ile unayosakinisha, usingoje uwe uko kijijini.

Tuje kwenye kasoro, maana zipo na waandishi wake wenyewe wameziandika kwenye maelekezo yao. Kubwa ni kwamba njia ni ya upande mmoja kwenye machaguo. Chati inaiambia Python umechagua nini, ila Python haiwezi kuiambia chati chagua hizi. Yaani huwezi kuwa na jedwali pembeni ukabofya mstari ukaona nukta yake ikiwaka kwenye chati kupitia lile lile chaguo. Kinachowezekana ni vigezo vya kawaida, vile vya kuweka namba au neno, hivyo vinakwenda pande zote mbili, ukiandika `jchart.params.kikomo = 50` chati inabadilika hapo hapo, na unaweza hata kuiunganisha na slaida ya ipywidgets kwa `link`. Kwa hiyo watu wanazunguka mlango wa nyuma, wanatengeneza kigezo na sharti la rangi linalokisoma. Inafanya kazi, ila unaona kabisa ni kuzunguka.

Nyingine, JupyterChart haikurudishii data zilivyo baada ya hesabu zilizofanyika ndani ya chati. Umejumlisha kwa mwezi ndani ya Altair? Yale majumlisho hayaji na chaguo lako. Hili pia ndio sababu nasema hesabu zifanyie pandas.

Na ile ya mistari 5,000. Altair inakataa jedwali lenye mistari zaidi ya hapo, na hizo data za bei ukizipeleka zote bila kuchuja unapigwa `MaxRowsError` mara moja. Watu wanakasirika, wanazima kikomo, wanaendelea, kisha wanashangaa faili la notibuku limevimba halifunguki. Sababu ni kwamba data zote zinaandikwa ndani ya chati yenyewe, ukiwa na chati sita umeandika mara sita. VegaFusion ndiyo suluhisho la heshima, unaiwasha kwa `alt.data_transformers.enable("vegafusion")`, hesabu zinafanyika upande wa Python na kinachopelekwa kwenye brauza ni kile kinachohitajika kuchorwa. Aliyeitengeneza ni Jon Mease, ambaye ndiye pia aliyeifanya kazi kubwa ya JupyterChart, na kabla ya hapo FigureWidget ya Plotly, maktaba nyingine ya chati za Python. Ndiyo maana ukizijua mbili hizi utaona zinafanana roho.

Na hiyo FigureWidget tusiisahau, maana wengi wenu najua mko Plotly. Ile `go.Figure` ya kawaida haikusikilizi, ni `go.FigureWidget` ndiyo inayosikiliza, na ipo tangu Plotly 3 ya 2018. Unapata `on_click`, `on_hover`, `on_selection`, fanksheni yako inapewa vitu vitatu, na kwenye `points.point_inds` kuna namba za nukta zenyewe, hakuna kuchuja kwa mipaka. Ina kamba ya kuzungushia nukta kwa umbo lolote unalotaka, wakati Altair ni mstatili tu, na kwa ramani ya nukta zilizojikunja kama pwani, mstatili unakukera. Na lile ambalo Altair haiwezi, hii inaweza, unaweka `selectedpoints` kutoka Python na nukta zinawaka. Kwa nini basi sijahamia? Kwa sababu ukichora kwa `px`, ile njia ya mkato ya Plotly, na ukapaka rangi kwa soko, kila soko linakuwa mchoro wake ndani ya chati, na fanksheni inabidi uisajili kwa kila mmoja, halafu ukichora boksi moja fanksheni inaitwa kwa kila mchoro na wewe ndiye wa kukusanya vipande. Kwa masoko mengi naona tabu. Ila kama kazi yako ni kubofya nukta moja na kuibadilisha, nenda Plotly bila kufikiria. Kumbuka tu kuanzia Plotly 6 inataka uwe na `anywidget`.

Hiyo anywidget, kwa faida ya wengine, ni maktaba ya kutengenezea wijeti, kazi ya Trevor Manz, na ndiyo iliyoondoa yale mateso ya zamani ya kusakinisha viongezi vya JupyterLab kimoja kimoja na kuomba Mungu matoleo yalingane. JupyterChart nayo imejengwa juu yake, ndio maana inakubali JupyterLab, VS Code na Colab bila drama.

Kwa wa roboti, kamera na vitu vya pande tatu, angalieni Rerun ya wale Waswidi. Kiangalizi chao kizima kimeandikwa kwa Rust na kinakaa ndani ya seli ya notibuku kupitia WebAssembly (njia ya kuendesha programu kama hizo ndani ya brauza), unakisajilia fanksheni kwa `on_event`, na matukio yake ni ya aina yake, mtu amebonyeza cheza, amesimamisha, amesogeza muda, amechagua kitu. Ukichagua nukta unapewa njia ya kitu chenyewe, namba yake na hata mahali ilipo. Tukio la muda ndilo lililonivutia, maana unaweza kusogeza mshale wa muda na grafu yako nyingine chini ikafuata. Kwa bei za mahindi ni bunduki ya kuulia mbu, ila mwenye rekodi za kamera na LiDAR (kipima umbali cha leza) nadhani hapo ndipo kwake.

Na marimo, ile notibuku nyingine ya Python, je? Ukiwa tayari kuacha Jupyter kabisa, `mo.ui.altair_chart` inakupa `.value` ambayo ni mistari yenyewe imeshachujwa, hakuna fanksheni ya kusajili, seli zinazotegemea hiyo chati zinajiendesha zenyewe. Kiukweli ni safi kuliko JupyterChart kwa hili. Tatizo ni kazini kila mtu ana faili za `.ipynb`, za Jupyter, na mimi siwezi kuwahamisha watu wote kwa sababu ya chati.

Nyota nne kati ya tano naipa JupyterChart, ile ya tano nimeibakisha kwa ajili ya machaguo kwenda upande mmoja. Kwa kusafisha data, kukagua faili la mtu, kutafuta nukta zilizopotea njia, sijaona kinachohitaji code kidogo kuliko hiki ndani ya Jupyter ya kawaida.

Ila mkituma kazi kwa mabosi, jueni ukihifadhi chati kwa `save` kama HTML kila kilichokuwa cha brauza kinaenda nayo, boksi litachoreka, rangi zitabadilika, chati zilizounganishwa zitachujana, ila jedwali lako lililokuwa linajaa chini halitakuwepo maana huko hakuna keneli. Kwa hiyo kama hilo jedwali ndilo wanalolitaka, tengeneza chati ya pili ndani ya Altair yenye maandishi tu, ichuje kwa chaguo lile lile, haipendezi kama ya pandas lakini itafunguka hata kwenye kompyuta isiyo na Python.